Jasho la Ukuta wa Ghala

"Maji haya yametoka wapi?"

Mdachi wa ghala, yule Mjerumani, aliuliza hivyo asubuhi, kiganja amekibandika ukutani, na watu wote waliojenga lile ghala wakatazama vidole vya miguu yao. Doa jeusi lilikuwa limepanda toka chini mpaka usawa wa kiuno, na magunia ya mbegu za pamba yaliyoegemezwa hapo yalikuwa yameanza kuchipua majani, midomo yake bado imefungwa kamba. Kwa kuwa swali la Mdachi halilali bila mtu wa kulilipia, akakamatwa fundi mkuu, Stefano wa Matombo, akatiwa ndani. Kesho, tarumbeta ikishalia, atalazwa mbele ya ghala apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha aingie mnyororoni akavunje mawe Ngerengere. Ilipofika alasiri mvua ya masika ikashuka toka Uluguru, milima yenyewe ikafutika, na kijiwe cha Mosi, kando ya stesheni ya Morogoro, kikajaa watu wake watatu wa kila siku. Mosi alirithi dele la kahawa kwa marehemu baba yake. Benchi na maneno yake vilikuja pamoja na dele. Palikuwa na Pazi, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kufagia baraza la mashauri bomani. Palikuwa na Stambuli, aitwaye Falaki, mpiga ramli. Na palikuwa na Agustino, aitwaye Kengele, ambaye ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya misheni mpaka siku alipoamsha mapadri usiku wa manane akidhani kumekucha. Wote watatu walibeba mawe na kukoroga chokaa ya lile ghala, chini ya Stefano.

— Ukuta mpya hutoka jasho, Kengele alianza, akipuliza kikombe. Ni kama bibi harusi. Umeingia nyumba usiyoizoea, utaacha kulowa? Pale panatakiwa maji ya baraka tu.

— Ukuta umelowa, wewe unataka kuuongezea maji, Wakili akasema.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeshajaa, ndugu yangu. Ndiyo maana mwenzetu yuko ndani.

— Halafu punguzeni sauti mnapotaja maji, Falaki akasema. Mwaka ule wa vita waliotaja maji walinyongwa. Mdachi akilisikia hilo neno, mkono unamwenda kwenye bunduki.

Hilo halikuwa la mzaha. Askari mmoja alipita njiani, koti limemganda mwilini, akalitazama benchi kama mtu anayechagua kuku sokoni, akaenda zake. Alipotoweka, Falaki akainama mbele.

— Mimi nimepiga ramli. Pale penye ghala palikuwa na njia ya mto, zamani za mababu. Mto ukahama. Sasa umerudi kumtazama nani amelala kitandani kwake.

— Mto umerudi kwa kupanda ukuta? Kengele akauliza.

— Mto wenye hasira haushuki, unapanda. Ndipo wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Walisema kwa sababu hiyo?

— Kulikuwa na sababu gani nyingine?

Wakili akajikohoza, kama alivyowaona mahakimu wakijikohoza.

— Ninyi mnasumbuka na mizimu bure. Kesi hii ina mshitakiwa, na mshitakiwa yule pale. Akanyoosha kidole stesheni. Gari moshi. Kila likija linakunywa tangi zima. Sasa nani kati yenu amewahi kuliona likienda haja?

Hakuna aliyewahi.

— Basi linajisaidia chini kwa chini. Maji yanafuata reli, yanatafuta nyumba ya mwenye gari. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya jahazi ni nini kama si ghala?

— Nenda kamwambie Mdachi kwamba gari lake linamkojolea mbegu, Kengele akasema. Mtafungwa mnyororo mmoja na Stefano.

— Sikusema nitamwambia. Nimesema ninajua.

— Mimi pia ninajua, Falaki akasema.

— Na mimi, akasema Kengele.

Mosi alimimina kahawa kwa hasira hata ikafurika kisahanini. Watu wazima watatu, kila mmoja na ndevu zake, walikuwa na jibu la mbinguni, la mtoni na la relini. La hapa walipokaa hawakuwa nalo. Na yeye? Tangu asubuhi alikuwa akifanya kazi moja ngumu kuliko kutwanga kahawa: kutokuinua macho juu.

— Mosi leo umemeza ulimi, Wakili akasema. Huna neno?

— Kahawa inakaribia kwisha. Hilo ndilo neno langu.

— Stefano ni mwanamume, Kengele akasema, akitazama mvua. Atastahimili. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ipi, Kengele? Wakili akasema. Kitakachoiva kesho ni mgongo wake.

Hapo akatokea mwanamke kwenye mvua, kaniki imemshika magotini, mkononi kikapu cha ugali kilichofunikwa jani la mgomba. Alikuwa Theresia, mke wa Stefano. Alikuwa ameshuka kwa miguu toka mteremko wa karibu, walikokaa wakati wa ujenzi, mara alipopata habari, na chakula alichompelekea mumewe kilikuwa kimekataliwa bomani.

— Hodi hapa. Shikamooni.

— Marahaba, shemeji, wakaitika wote watatu, kwa upole uliowajia ghafla. Sogea ndani, usizidi kulowa.

Akasogea. Hakuketi. Alikamua pindo la kaniki, akakiweka kikapu chini.

— Nimezungumza naye dirishani. Anasema Mdachi anamwita mwongo. Stefano amemwambia nguo ya lami ilitandikwa juu ya msingi, Mdachi akasema ingetandikwa ukuta usingelowa. Stefano ndiye aliyewaonyesha namna ya kuitandika, kisha homa ikamlaza. Alipoinuka, ukuta umefika magotini. Akawauliza ninyi. Mkamwambia mmetandika.

— Shemeji, Wakili akasema, kesi hii ni ndefu.

— Kesho asubuhi inakwisha.

Mvua iliongezeka. Ilipiga juu yao kama watu wanaotwanga, lakini hapakudondoka hata tone. Theresia akasikiliza ule mshindo, kisha akainua uso.

— Mwaka jana, Theresia akasema taratibu, nilipita hapa na mvua ndogo kuliko hii. Dada Mosi alikuwa ametega sufuria huku na huku. Leo pakavu. Mmeezeka nini?

Falaki alichora kitu mavumbini kwa kidole, akakifuta. Kengele aliinamia kikombe kilichokwisha zamani.

Juu yao, ikiwa imepigiliwa misumari ya boma, ilikuwa nguo nene nyeusi inayonuka lami. Ilikuja kwa gari moshi, majora kwa majora, na amri ikaja nayo: itandikwe juu ya mawe ya msingi, ukuta ujengwe juu yake, unyevu wa ardhini usipate pa kupandia. Walicheka siku ile mpaka wakashika mbavu. Mvua hutoka juu; tangu lini maji yakapanda? Mluguru huteremsha upenu mrefu, nyumba yake ikakauka. Nani hutandika jamvi ndani ya ukuta, mahali asipolala mtu? Mdachi alikuwa safarini Kilosa, Stefano alikuwa chini ya blanketi anatetemeka. Wakagawana. Falaki alifunika kizimba cha mbuzi, Kengele jiko la mama yake, Wakili dari ya chumba. Jora lililobaki wakamletea Mosi, kwa wema, naye akasema ahsanteni, akawapa kahawa ya bure. Hakuuliza limetoka wapi. Alijua.

— Tukiishusha, Wakili akasema hatimaye, tutalazwa sisi. Wote.

— Ninajua, Theresia akajibu.

— Wewe unajua hamsa ishirini ni kitu gani?

— Kesho nitajua, nikisimama pale kumtazama mume wangu. Mimi sitataja jina la mtu. Nitaiweka mbele ya Mdachi aione kwa macho yake, kwamba Stefano alisema alichoambiwa.

— Atauliza umeitoa wapi.

— Ataniuliza mimi.

Mosi akainamisha dele. Hapakutoka kitu ila machicha. Paa lilikuwa lake, benchi lake, na askari yeyote mwenye pua angenusa lami hapa kabla ya kufika kwingine. Nyuma ya banda palikuwa na ngazi ya mianzi. Theresia aliiona, akaenda kuichukua mwenyewe, akaiegemeza kwenye boriti. Mguu mmoja wa ngazi ukazama kwenye tope, mwingine ukateleza. Akaisimamisha tena. Ikateleza tena.

Kwenye benchi, wanaume watatu walitazama vidole vya miguu yao.

Theresia hakuwaita. Aligeuka, maji yanamtiririka usoni, akamtazama mwenye kijiwe.

— Dada Mosi, nishikie ngazi.