Bei za Mtaa Mzima

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio hayafumbiki. Mbele yake mzee seremala alikuwa akimpa somo mama mmoja aliyekutana naye papo hapo kitini.

"Usitaje bei ya nyumba, mwanangu, kabla hujajua majirani waliuza kiasi gani. Ile ya kona ilikwenda rahisi, paa linavuja. Yenye geti la bluu ilipanda kwa sababu ya kisima."

"Umezijuaje zote, baba?"

"Nabisha hodi. Nikisema natafuta nyumba, wananikaribisha, wananitembeza mpaka jikoni. Wengine hunipa na chai."

Muuguzi akafumbua jicho moja. Dalali gani huyu asiyedai chake?

"Haba na haba hujaza kibaba," mama akacheka, "na chako cha bei kimeshafurika! Mbona hujanunua? Au pesa ndiyo haitoshi?"

"Inatosha. Tangu mke wangu afariki, sina wa kuitumia naye."

"Sasa unangoja nini?"

Mzee akatazama dirishani. "Nikishanunua, nitabisha hodi kwa nani?"

Muuguzi alikuwa na jibu: nyumbani kwake kuna viti vinne na mkaaji mmoja, yeye. Lakini treni ikasimama, milango ikafunguka yenyewe bila hodi, na kila mtu akashuka kivyake.