Chiriku na Pande Tatu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, nanyi wahitimu mliotunyima usingizi miaka minne: hamjambo?

Nimeombwa niseme machache juu ya mshindi wa somo la hesabu. Mnamwita Chiriku, maana tangu kidato cha kwanza mdomo wake haukujua likizo. Kidato cha pili maradhi yakamnyang'anya macho, na Chiriku akanyamaza. Sisi walimu, kwa huruma tu, tukakata shauri asamehewe maumbo, pembetatu ataionaje? Alipoambiwa, akafungua kinywa: "Mwalimu, macho ndiyo yameondoka. Mimi bado nipo."

Basi shangazi yake, aliyemlea, akamchongea vijiti vya urefu mbalimbali, viwe pande za maumbo. Chiriku alivisimamisha viwili viwili mezani, akapitisha kidole juu kujua kipi kimezidi. Mnadhani ilikuwa rahisi? Aliviita sawa visivyo sawa, akavivurumisha chini ya kabati, akalia. Kisha akapiga magoti, akavipapasa kimoja kimoja, akaanza upya.

Siku ya mtihani wa vitendo nilisimama mlangoni, jasho likinitiririka kama mtahiniwa ni mimi. Mtahini akamwekea vijiti vitatu, ataje ni pembetatu ya aina gani.

"Pande zote sawa," akasema Chiriku.

Vingine.

"Pande mbili sawa, wa tatu mfupi."

Vingine tena.

"Hapa kila upande una urefu wake, kama ndugu wa kwetu!"

Mtahini akacheka, akaweka vitatu vya mwisho. Chiriku akavipima, akavipanga, akavipangua.

"Hii siipi jina," akasema.

"Kwa nini, binti?"

"Si pembetatu. Hivi viwili vifupi, hata nikivilaza vifuatane, havifiki urefu wa hiki kirefu. Vitakutana wapi?"

Mtahini akasimama, akampa mkono. "Hapo ndipo wengi wameanguka leo," akasema.

Ndugu zangu, alama za Chiriku zimewapita wote, wenye macho na wenye miwani! Na chuo cha ualimu kimempokea: anakwenda kusomea kufundisha hesabu.

Kwa masikio mliyoniazima, nasema asanteni sana. Sasa walimu mlio hapa jukwaani, anzeni kupiga makofi, wala msikome. Chiriku, mwanangu, yafuate. Njoo uchukue tuzo yako.