Miwani Niliyosahau Nyumbani

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, na safari hii mpige kelele kidogo, maana nahitaji nafasi ya kuvuta pumzi.

Mimi ni Mama Véro, wa hapa hapa Makomeno. Mnaijua sauti yangu katika kwaya, na mnaujua ugomvi wangu na watu wanaochelewa mazoezi. Siri yangu ilifichuka mbele ya wengi wenu ile Alhamisi ya sala, lakini yaliyotangulia hamkuyajua. Leo nimeomba nafasi niseme yote.

Ndugu zangu, nilikuwa sijui kusoma! Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nyumba ilikuwa na watoto wengi, na mimi nilikuwa wa kwanza. Wenzangu walipobeba daftari, mimi nilibeba wadogo zangu mgongoni. Simlaumu marehemu mama, alikuwa amechoka. Lakini niliona haya, na ile haya ilikua pamoja nami, ikaolewa pamoja nami, ikaingia kazini pamoja nami.

Nilipata kazi ya usafi katika kantini ya kampuni moja ya madini, njia ya Kipushi. Nilianza na ufagio. Nilijituma mpaka wakaniweka kuwa mkubwa wa timu, na mkubwa wa timu ndiye anayegawa dawa: javel ya kufulia na kuosha sakafu, na ile asidi kali ya vyoo. Zote tulizimimina katika bidoni, yale madumu ya manjano, zote sawa kabisa. Mtaniuliza, nilijuaje ipi ni ipi? Nilichana kitenge changu cha zamani! Bidoni ya javel niliifunga kitambaa cha maua ya buluu shingoni, ya asidi kitambaa chekundu. Timu nzima ilifuata vitambaa vyangu. Watu walisema Mama Véro ana akili. Kweli akili nilikuwa nayo, ila niliitumia kujificha.

Na nikipewa karatasi, nilikuwa na jibu moja tu: nimesahau miwani nyumbani. Kazini, shuleni kwa watoto, hospitalini, hata humu kanisani mbele ya msalaba. Miaka yote hiyo!

Basi akaja shefu mpya, yaani mkuu wetu wa kazi, Papa Kaumba. Mtu mwema, mpenda usafi. Jumamosi moja alipita kwenye ghala, akaona vitambaa vyangu vimechakaa, akavikata vyote na kuvitupa. Akabandika karatasi nyeupe zenye maandishi meusi, moja kwa kila bidoni. Alidhani anatusaidia, na kwa mtu anayesoma alikuwa ametusaidia kweli.

Jumatatu asubuhi nikafika, nikakuta bidoni zimesimama shingo tupu. Ndugu zangu, ningeuliza neno moja tu! Pembeni yangu alikuwepo Odette, mama kijana wa Kasomeno, aliyefika darasa la mwisho la sekondari. Lakini mkubwa anamuulizaje mdogo wake kitu kama hicho? Nikasema moyoni, nitanusa. Na juma lile nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa.

Odette alikuwa anasugua bafu za wafanyakazi, chumba chenye kidirisha kidogo tu juu. Akaniita:

"Mama, javel inabakia kiloko. Uniongezee."

Nikachukua bidoni niliyoidhani ya javel. Nikamimina ndani ya ndoo yake, nikageuka kuirudisha ghalani. Sijafika mlangoni, nikasikia ndoo inaanguka. Asidi na javel zikikutana zinatoa hewa yenye sumu. Nilimkuta Odette chini, macho yanabubujika, anakohoa kama kifua kinapasuka. Nikapiga kelele. Wapishi wawili wakajifunga vitambaa vya maji puani, wakamvuta hadi uani. Gari likampeleka hospitali. Bwana alimwacha hai, asifiwe!

Sikuelewa nilichokifanya. Nilisema labda alikuwa mgonjwa tangu nyumbani. Mchana shefu aliandika ripoti kwa Kifaransa, akaniletea kama shahidi. Alisema, "Soma muzuri, Mama, kisha utie signature." Safari hiyo hata miwani sikuitaja, maana ni yeye niliyemwambia habari ya miwani mara nyingi mno. Nikaishika ile karatasi. Nikapeleka macho kushoto na kulia, kama nilivyoona wenye kusoma wanafanya. Nikatikisa kichwa kwa uzito. Nikachora sahihi yangu, ambayo niliifanyia mazoezi ujana wangu wote.

Juma la pili Odette akaja kwangu. Sauti ilikuwa bado inakwaruza. Mkononi alikuwa na barua ya kumfukuza kazi, na nakala ya ripoti. Akanisomea taratibu, akigeuza kila mstari kwa Kiswahili. Ilisema Odette alichanganya dawa kwa uzembe, na kwamba Mama Véronique, mkubwa wa timu, alimwona kwa macho yake na anathibitisha.

"Mama, unajua miye sikuchanganya kitu," aliniambia. "Weye njo ulimwanga mu seau yangu. Sasa juu ya nini ulitia signature? Niangalie mu macho. Uniambie tu juu ya nini."

Wapendwa, aliniuliza kwa nini, na hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mara moja. Bidoni, ndoo, ripoti. Kinywa changu kilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, sijui kusoma, na Odette angenisamehe pale pale. Nilinyamaza! Niliona heri aondoke akijua kuwa nina roho mbaya kuliko aondoke akijua kuwa sijui kusoma. Mnaniona nimevaa vizuri hapa mbele, lakini huyo ndiye niliyekuwa. Akakunja karatasi zake, akaenda. Alikuwa na mtoto anayenyonya.

Sikula vizuri siku zile. Niliomba Mungu amtafutie Odette kazi nyingine, yaani nilimpa Mungu kazi yangu mimi. Mungu hakunijibu. Alinisubiri Alhamisi.

Mlikuwepo wengi. Kiongozi wa sala akanionyesha kidole, Mama Véro, leo wewe utusomee Biblia. Nami haraka, kama kawaida: nimesahau miwani. Ndipo Mama Hélène, yule pale mstari wa pili, msimwangalie sana ataona haya, akavua miwani yake usoni, akaipitisha mkono kwa mkono hadi kwangu.

"Kamata lunettes yangu, mama," akasema. "Inaonesha muzuri!"

Nikaivaa. Kweli ilionyesha vizuri! Herufi zikawa kubwa, nyeusi, nikaziona zote mpaka nukta. Na hazikuniambia neno lolote. Watu wakasubiri. Mtoto akalia, akanyamazishwa, watu wakasubiri. Nikatafuta uongo mwingine, nikakuta umeisha. Uongo wote niliokuwa nao duniani ulikuwa juu ya miwani, na sasa miwani ilikuwa usoni pangu!

Nikasema, "Sijui kusoma." Nikalia mbele yenu kama mtoto. Nanyi hamkucheka. Mliimba. Sitawasahau kwa hilo.

Kesho yake, kabla ujasiri haujapoa, nilisimama mbele ya Papa Kaumba. Nilimwambia ni mimi niliyemimina, na kwamba sahihi yangu ilithibitisha kitu nisichokijua. Nilijua naweza kupoteza kazi. Aliangalia mikono yake.

"Juu ya nini haukuniambia, Mama?"

"Nilikuwa na haya, chef."

"Na bile bitambaa," akasema, "miye njo nilibikata. Hata sikuuliza ni bya nini."

Aliandika ripoti mpya. Akanisomea mara mbili kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla sijashika kalamu. Odette akarudishwa kazini. Mimi nilivuliwa ukubwa wa timu, na ilikuwa haki, niliipokea. Odette hakunisamehe siku ile. Alinipita bila salamu.

Lakini Bwana alikuwa hajamaliza! Shefu aliomba kwa wakubwa, tukapewa saa moja kila mchana, baada ya meza kufutwa. Akaletwa mwalimu, Zaina, binti wa Kiislamu mwenye asili ya Maniema. Ndiyo, Mungu hakutuma mtu wa kanisa letu, na tuseme asante kwa adabu. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wakaja mlinzi wa geti, fundi wa jenereta, na yule mpishi aliyekuwa anatutangazia chakula cha siku ubaoni kwa mbwembwe. Kumbe ubao hakuusoma, alikuwa anaenda kuchungulia sufuria kwanza!

Zaina hakuleta vitabu vya watoto. Alipanga mezani bidoni tupu, orodha ya zamu, karatasi ya mshahara, na lile tangazo la kuvaa glavu. Akasema, "Kitabu yetu ni hii." Neno la kwanza nililosoma peke yangu maishani ni *danger*, yaani hatari kwa Kifaransa, kwenye bidoni ya asidi. Neno lile lilikuwa limenikodolea macho Jumatatu ile, likinionya, nami sikulisikia. Nilifunika uso, Zaina akaningoja.

Siku moja nikakuta Odette ghalani. Alikuwa anafunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya bidoni, chini ya karatasi. Kilikuwa kimechanwa kutoka kwenye kitenge chake mwenyewe.

"Tutasoma, Mama," akasema bila kunitazama. "Lakini na kitambaa ibakie."

Halafu akanitazama. Ndugu zangu, msamaha nimeuona, una rangi nyekundu!

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kifungo hicho. Namshukuru Odette, amesimama pale nyuma na mtoto wake. Mama Hélène, miwani yako niliirudisha na alama za machozi, nisamehe.

Sasa nawaomba kitu. Humu ndani kuna mtu ambaye leo, wakati wa masomo, alishika kitabu na kutikisa kichwa. Namjua anavyotikisa. Sitakuita mbele, sitakuonyesha kidole. Ukitoka nje nitakuwa mlangoni. Nipe mkono tu, uniambie umesahau miwani nyumbani. Sitakuuliza kitu kingine, nitakuonyesha siku na saa ya kuja kwa Zaina. Usiogope. Mimi niliisahau yangu miaka yote, na miwani, wapendwa, sijawahi kuwa nayo.