Goli la Nyuma ya Ukuta

Kijiwe chetu hapa Ibra, Oman, ni benchi la mbao nje ya duka la mshonaji wa kanzu, na baada ya sala ya alasiri hukosi kutukuta. Majid bin Khalfan huleta chupa ya kahawa iliyopikwa na mkewe, Bi Turkiya. Tunamwita Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini. Twalha, mwenye gari, ni Breki, kwa namna anavyoendesha. Zakariya ni Sheha, kwani hutoa amri bila kuulizwa. Mimi wananiita Rejista, kwa kuwa sipendi jina la mtu au la mji likatwe nusu. Jana Ijumaa tulikwenda sote Dima wa Tayyin, kule milimani, kumtazama Azzam, mjukuu wa Zakariya, akicheza mpira. Tuliondoka asubuhi mapema kwa mechi ya alasiri, kwa sababu gari ni la Twalha. Ni timu za vijiji tu, hazimo katika ligi yoyote, na uwanja ni changarawe. Zakariya hakuwahi kumtazama kijana huyu hata mara moja. Miaka yote akisema mpira unamaliza viatu. Lakini sasa Azzam amepata kazi mji wa Sur, kwenye kiwanda cha gesi, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Akafunga goli, na ndilo lililoshinda. Sisi hatukuliona.

— Azzam anakuja, alisema Zakariya leo kijiweni. Kapiga simu. Anapita kuniaga.

— Basi mwambie kweli, nikasema.

— Kweli gani tena, na jana nimeshamtumia sauti kwenye simu?

— Umesemaje?

— Aliniuliza, babu, umeliona goli langu? Nikamwambia nimeliona, baba, moyo umejaa.

Majid alimimina kahawa taratibu, kama mtu anayeisubiri zamu yake ya kucheka.

— Umeliona kwa jicho gani, yakhe? Weye ulikuwa unakula tende kwa yule mwenyeji wetu, Hazim.

— Na weye ulikuwa unakula nini?

— Halua. Lakini miye sikutuma sauti kwa mtu.

Ilikuwa hivi. Tulipotoka msikitini kule, bwana mmoja, Hazim bin Zahir, alimshika Zakariya mkono. Kahawa tu, alisema, na uwanja uko nyuma ya ukuta wangu. Mwaliko kama huo haukataliwi. Tukaketi kwenye sabla yake, ukumbi wa wageni. Sasa, mgeni mwenye adabu haondoki kabla ya kufukizwa udi. Na mwenyeji mwenye adabu hauleti udi mapema, asije akaonekana anawafukuza watu. Sisi tukaungoja udi. Yeye akangoja tuonyeshe dalili ya kutaka kuondoka. Filimbi ya mwisho ikalia nyuma ya ukuta, ndipo udi ukaletwa.

— Kosa ni la Rejista, alisema Twalha. Yeye ndiye aliyesoma. Angesema, bwana, tuletee udi tuondoke.

— Miye niombe udi nyumbani kwa mtu? Nilikitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, tena nilikitikisa kama kengele ya shule.

— Ukakitikisa, yakaja matunda.

— Mkubwa wetu ni Majid, nikasema. Mkubwa ndiye anayeanza kusimama.

— Nisimame miye, na mwenye mjukuu ameketi? alisema Majid.

— Niliketi kwa ajili yenu, alisema Zakariya. Nilidhani nyinyi mnastarehe.

Kila mtu akainamia kikombe chake. Kisha Majid akajikohoza, na hapo tulijua taarifa ya habari inaanza.

— Sikilizeni. Kelele zilikuwa mbili, ndogo kisha kubwa. Ndogo ni kona, kubwa ni goli. Kwa hiyo amefunga kwa kichwa. Mwambie, mjukuu wangu, uliruka sana.

— Azzam hajaruka tangu kuzaliwa, alisema Zakariya. Mrefu vile, aruke ya nini?

— Basi si kichwa, alisema Twalha. Ile kelele ndogo ilikuwa ya hasira. Watu wa Dima...

— Dima wa Tayyin, nikasema.

— Watu wa huko huko walidai faulo. Azzam hakungoja. Kapiga toka katikati, mpira umegonga jiwe, umegeuka, kipa kaenda Nizwa na mpira umekwenda Sur.

— Uwanja umeuona lini weye?

— Nilipokuwa nageuza gari.

— Uligeuza gari muda mrefu hasa, alisema Majid, ungeweza kuona mechi nzima. Lakini jiwe halitoshi. Ulikuwapo upepo. Mpira umepaa, umevuka ukuta, umegonga mlango wa Hazim. Hamkusikia du?

— Nilisikia, alisema Zakariya, kwa sauti ya mtu anayetamani sana iwe hivyo.

— Basi. Ukarudi uwanjani, ukampiga kipa mgongoni, ukaingia. Kwa hiyo goli lile limepitia kwetu. Sisi tumeliona zaidi kuliko waliokuwa uwanjani.

— Mlango ulibishwa kutoka ndani, nikasema, ili sinia la matunda lipokewe.

— Rejista, hebu sema kweli, shuleni ulikuwa na rafiki?

Hata Zakariya alicheka. Kisha akaangalia barabara.

— Kijana yule hajaniomba kitu maisha yake, alisema. Kaniomba siku moja tu, nije nimtazame.

— Na ulikwenda, alisema Twalha kwa upole. Umebakisha ukuta tu.

Gari jeupe lilisimama, na Azzam akashuka. Kazaliwa hapa hapa Oman, si ng'ambo kama sisi wazee, na Kiswahili chake ni cha kuokota nyumbani, lakini salamu hazimpiti.

— Shikamoo babu. Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Jana mimi nilitafuta nyinyi kila upande. Nikasema labda wako nyuma ya watu.

— Tulikuwa nyuma, alisema Majid. Nyuma kabisa.

— Na goli, babu? Umeona ile mpira ilivyoingia?

Twalha alimtazama Majid. Majid alikitazama kikombe. Azzam akainama kumbusu babu yake kichwani, juu ya kilemba cha sufi ambacho mzee alikivaa jana kwa heshima ya mechi, na leo tena kwa heshima ya kuagana. Alichelewa kuinuka.

— Babu, alisema, uwanja ule ni vumbi tupu. Hii udi umepata wapi?

Azzam alitutazama mmoja mmoja, wazee wanne wenye harufu moja, na tabasamu likaanza kumtoka pembeni mwa mdomo.

Zakariya alisogea kumpa nafasi. Akaichukua chupa mkononi mwa Majid, akamimina kilichobaki kikombeni, akampa.

— Keti, baba, alisema. Tusimulie weye.

Azzam aliketi, akanywa, akarudisha kikombe. Hakukitikisa. Zakariya aliinamisha chupa, haikutoka hata tone.

— Usianze mpaka nirudi, alisema Twalha, akashika funguo za gari, akaenda kwa Bi Turkiya kuleta chupa nyingine. Wallahi, alikwenda mbio.