Kalisti Maduhu na Sahani za Mama Noela

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Kalisti Maduhu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Ibadakuli, mtoto wa tatu wa Mzee Maduhu na Mama Limi, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, na tangu utoto hakumwamini mtu, hata akiambiwa ng'ombe wametimia zizini lazima akahakikishe mwenyewe.

Mwaka 1999 alipakia mizigo Isaka, tarehe 7 Julai 2001 akafunga ndoa na Asteria, wakajaliwa Noela, Davis na Ritha, kisha mwaka 2005 akahamia Katoro, Geita, kununua dhahabu, kazi iliyomfaa kweli, kwani hakununua hata punje bila kuichoma kwanza motoni aone kama ni safi.

Mei 2018 alipimwa utumbo mpana kwa kamera huko Mwanza, ukaonekana uvimbe mdogo, ukatolewa, majibu yakasema si saratani, ila daktari akamweleza kwamba uvimbe wa aina ile huweza kuota tena na, ukiachwa miaka, kugeuka saratani polepole bila maumivu, hivyo arudi baada ya miaka mitatu. Marehemu alitoka na shaka zake, akiuliza kama si saratani wanamwitia nini, na hakurudi.

Mwaka 2023, alipoona damu chooni na kuanza kukonda, hakuukumbuka ule uvimbe, aliutazama mkono unaompakulia, na minong'ono ya majirani ikamjaza, akamshuku mkewe kwamba anamwekea kitu, tangu hapo Mama Noela akalazimika kuonja kila sahani mbele ya wanawe, jambo lililomuumiza sana.

Tarehe 3 Novemba 2025 alifanyiwa upasuaji, safari hii ikawa saratani, imeshafika kwenye ini, daktari akaeleza kuwa ilianzia mle mle utumboni miaka mingi iliyopita, wala si sumu ya mtu, akaagiza ndugu zake wa damu nao wapimwe.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2026 Mama Noela aliinua kijiko cha uji auonje kama alivyozoeshwa, marehemu akamshika mkono, akaunywa bila kuonjewa, akafariki mchana. Tunajua wapo wanaosema ni uji ule, basi wajue uliobaki aliumaliza mama yake mzazi, Mama Limi, na huyo hapo mbele amekaa.

Tunawashukuru madaktari, wanunuzi wenzake wa Katoro, na majirani, hata ninyi mnaonunua mihogo barabarani tangu jana ili msile hapa. Chakula kiko tayari, amekipika Mama Noela, na leo haonji kwanza.

Kalisti, pumzika kwa amani.