Kilemba Langoni: Ami Dafalla Kambal Aliaga Jiko la Chuo

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2016, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, Ami Dafalla Kambal Idris, mpishi mkuu wa bwalo la chuo chetu hapa Hasaheisa, anastaafu. Tangazo lipo ubaoni, lina muhuri, na bado halijatuingia akilini. Karani aliyelibandika alirudi hatua moja, akasoma alichokibandika mwenyewe, akatafuta kiti. Mhadhiri wa hesabu aliuliza kama kuna Dafalla mwingine. Sote tulijua kwamba mtu huyu angetolewa jikoni na Mungu peke yake, kumbe anatoka kwa miguu yake, tena kabla umri wake wa kustaafu haujatimia.

Uongozi umempa dereva wa chuo kazi ya kuandika wasifu huu, na umefanya vyema. Maprofesa wetu huandika mambo ambayo hata wake zao hawayamalizi. Dereva huyu amekula Jeddah, amekula Kairo, amekula Port Sudan kwenye hoteli yenye feni mbili chumba kimoja, na anathubutu kusema mbele ya umma kwamba hajawahi kula ful, yale maharagwe ya jungu, iliyoishinda ya Dafalla.

Ami Dafalla alizaliwa katika kijiji kimoja cha Jazira, kando ya barabara kuu iendayo Medani. Alikuja chuoni kijana wa kusugua masufuria. Mpishi wa wakati ule alipougua, akaambiwa aangalie moto tu, asiguse kitu. Aligusa. Wanafunzi walipoonja wakagoma kumpokea mwingine.

Siri zake za kuwalisha wengi kwa kidogo hazikuwa siri, maana alizitangaza kwa sauti kila siku. Maharagwe alinunua msimu wa mavuno, kutoka kwa wakulima wa Kaskazini, gari letu likiwa linarudi tupu kutoka huko kwa shughuli nyingine. Aliyatia kwenye jungu lenye shingo nyembamba, akaliacha juu ya makaa yaliyofunikwa majivu mpaka kukuche, hivyo gunia moja la mkaa lilifanya kazi ya matatu. Mkate alichukua uliolala, ambao waokaji huuza kwa bei ya kuuonea huruma. Mkate wa jana ukivunjwavunjwa ndani ya mchuzi wa ful, ukamwagiwa mafuta ya ufuta, ukapigwa vitunguu na jibini, hapo ndipo inapopatikana ile bosh ambayo imewatoa humu mainjinia, majaji na waziri mdogo mmoja. Mkate mpya, alikuwa akisema, ni wa watu wasiojua kusubiri.

Lakini siri kubwa kuliko zote ilikuwa bakuli. Ami hakupakua sahani ya mtu mmoja. Alipakua bakuli moja pana, mwanafunzi mmoja akalinunua, likawekwa chini ya miarobaini, mikono ikazunguka. Anayepita akaitwa: “Karibu, karibu, njoo uuharibu mchuzi na wewe.” Akaja. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Profesa aliyeomba uma aliulizwa kama amekuja kula au kuchimba. Mwanafunzi aliyesema chumvi imezidi aliambiwa aende akaoe, ndipo atajua chumvi. Gazeti la michezo lilipoandika vibaya juu ya timu yake, siku nzima alipika kimya, na ule ukimya ulitutisha kuliko matusi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo wafanyakazi wapya hulisikia na kutuona waongo.

Dakta Mutasim Alhadi, wakati ule Mshauri wa Wanafunzi, alirudi kutoka masomoni ng’ambo baada ya miaka saba. Ni mtu mwema, na alichokifanya alikifanya kwa wema. Aliona mikono mingi bakuli moja, akasema haki haipo pale: mwenye mkono mwepesi anashiba, mpole analala njaa. Akaleta trei za plastiki. Kila mwanafunzi trei yake, sehemu yake, tiketi yake. Watu wawili trei moja, marufuku.

Ilikuwa safi, hatukatai. Na ndani ya muhula mmoja bwalo likawa kama msikiti saa tatu asubuhi. Viti vitupu, jungu linarudi nusu. Kamati ya bajeti ikaandika kutoka Khartoum kwamba inaelekea wanafunzi hawahitaji tena chakula cha moto, kwa hiyo bwalo lifungwe, kijengwe kibanda cha biskuti na soda baridi. Ami Dafalla akaahidiwa kustaafishwa mapema na haki zake zote, bila kukatwa hata senti. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu.

Kamati ikaja kujionea. Mwenyekiti Ustadh Siralkhatim, mwanakamati Ustadha Ikhlas, na Dakta Mutasim mwenyeji wao. Wakazunguka bwalo, wakaona viti, wakaona jungu, wakatikisa vichwa na kurudi garini wakatie sahihi ya kulifunga huko mbele. Dereva wa gari hilo ndiye anayeandika haya.

Tulipofika langoni, njia ilikuwa imefungwa kwa kilemba.

Kilemba cheupe, kimenyooshwa toka nguzo hadi nguzo. Upande huu kakishika bawabu, upande ule kakishika Ami Dafalla, kichwa wazi, upara wake ukiwaka juani. Kando ya lango mikeka imetandikwa, na mabakuli ya zamani yamezungukwa na wanafunzi. Mtu wa Jazira hahitaji kuelezwa. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, watu wa vijijini huzuia barabara kuu hivi hivi, mabasi yakasimama, abiria wakashushwa wakafuturu kwanza. Kilemba kikishanyooshwa, hakuna anayepita bila kula. Ila siku ile haikuwa Ramadhani, ilikuwa adhuhuri, na lile lilikuwa gari la serikali.

“Dereva, piga honi,” alisema Mwenyekiti.

“Honi ni nzima, mheshimiwa. Mkono ndio umekataa.”

“Basi pita pembeni.”

“Kilemba cha mtu hakina pembeni, mheshimiwa. Baba yangu atafufuka anitukane.”

Dakta Mutasim alitoa kichwa dirishani, amesawijika. “Ami Dafalla, leo si Ramadhani.”

“Njaa haijui kalenda, mwanangu. Shukeni.”

“Unajua unachokifanya? Unaweza kupoteza pensheni yako.”

“Najua. Shukeni, ful inapoa.”

Bawabu alikizungusha kilemba mara ya pili kwenye mkono wake. Ustadha Ikhlas ndiye aliyefungua mlango kwanza. “Mimi nashuka,” alisema. “Tangu Khartoum sijaona hata chai.” Akaenda zake kwenye bakuli la wasichana, na hatukumwona tena mpaka tulipokwenda kumtafuta.

Mwenyekiti aliketi mkekani na suti yake, akangoja kijiko. Mwanafunzi mmoja mcheshi, Muzzammil, akamwambia, kwa lile “Ami” tunalomwitia kila mtu mzima, “Kijiko chako ni hicho ulichozaliwa nacho, Ami.” Wakacheka, naye akakunja mkono wa shati. Tonge la tatu hivi, akauliza swali la mtu wa bajeti: “Bakuli hili amelinunua nani?”

Mikono ikasimama.

“Swali hilo hapa halina mwenyewe,” alisema Muzzammil. “Ukimjua aliyenunua, utaanza kumtazama usoni kabla ya kuchovya. Kula, Ami, usitupoze.”

Wakati huohuo alipita kijana mrefu, kitabu mkononi, macho ndani ya kitabu, lakini kitabu kiko juu chini. Wakamwita. Akasema ameshiba. Wakamtukana mpaka akaketi. Na alipoanza kula, Mwenyekiti aliacha kula, kwa sababu mtu aliyeshiba hali vile.

Dakta Mutasim alimkodolea macho. “Huyu si yule anayelala darasani kwangu? Nimeshamwandikia onyo.”

“Halali, Dakta,” alisema Muzzammil, na safari hii hakucheka. “Anazimika. Zamani tulikuwa tunamwita bakulini, anakuja kama wengine. Sasa trei ni ya mtu mmoja. Tumwiteje?”

Aliyeandika haya ameona ajali mbili za lori na moto wa soko. Hajaona uso ukibadilika kama wa Dakta Mutasim pale mkekani. Aligeuka taratibu kuwatazama wengine waliozunguka bakuli, mmoja baada ya mwingine, akiwatambua. Hawa ndio waliokuwa hawaji bwaloni. Hawa ndio ambao kamati iliandika kwamba hawahitaji chakula cha moto. Yeye mwenyewe ni mtoto wa bakuli, amezaliwa Rufaa hapo ng’ambo ya mto, na alikuwa amesahau.

“Ami,” alisema Dakta Mutasim, “umeniaibisha mbele ya wageni.”

“Nimekulisha mbele ya wageni,” alijibu Ami Dafalla. “Aibu ni ya anayekataa. Wewe umekula. Ongeza mkate.”

Bwalo halikufungwa. Mabakuli yalirudi chini ya miarobaini juma lililofuata, na yule kijana mrefu akaacha kuzimika darasani. Ami Dafalla alipewa onyo kali kwa kuzuia gari la serikali. Alilitia fremu, akalitundika jikoni kando ya picha yake ya hija, na kila mgeni alilazimishwa kulisoma kabla ya kupakuliwa.

Basi kwa nini anaondoka sasa, angali na nguvu za kumbeba dereva mzima begani? Mkuu wetu wa Chuo, ambaye ndiye huyohuyo Dakta Mutasim, alimwita akamsihi aongeze muda. Ami alimjibu kwamba jiko linalosimama kwa mtu mmoja limeshaanguka, ila bado halijaambiwa. Anataka kuondoka wakati angali anaweza kurudi na kututukana tukikosea. Mkuu wa Chuo alitoka kwenye kikao hicho akapotea njia, akatembea hadi lango la nyuma badala ya ofisini kwake.

Tulichanga tumnunulie zawadi. Wengine walisema saa ya ukutani, wengine kitanda cha kamba cha kupumzikia. Alikataa vyote. Akasema ana neno moja tu, liandikwe katika kanuni za bwalo ili atakayekuja na akili mpya kutoka ng’ambo alikute limemtangulia. Baraza la Chuo lilikutana Jumatatu. Mkuu wa Chuo alilisoma mwenyewe akiwa amesimama, na halikupingwa na mtu. Sasa ni kanuni ya kwanza ya bwalo letu: Anayeketi kwenye bakuli haulizwi nani amelipa.

Ami Dafalla, kwa jungu, kwa mdomo wako, na kwa watoto wa watu waliopata vyeti vyao kwa sababu uliwapa mahali pa kuketi, chuo kizima kinakushukuru. Nenda kwenu kwa amani, Mungu akupe afya na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Na kila utakapokaa kula, mkono mwingine usikose kuongezeka bakulini.

Hamid Shingeti, dereva, kwa niaba ya wafanyakazi wote