Bi Madirisha wa Wodi ya Kifua

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mama yake mzazi. Kusoma historia hii alipewa kaka yake, lakini sauti imemgomea, basi nimeichukua mimi, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981, katika chumba tulichopanga nyuma ya karakana ya seremala, akiwa wa pili kati ya watoto wangu wanne. Alitoka kimya, mkunga akamsugua mgongo hadi akalia, na tangu siku hiyo sikupata kulala kabla ya kusikiliza kama anapumua.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1995 na sekondari mwaka 1999, kisha akaingia chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 12 Novemba 2004. Januari iliyofuata alipangiwa wodi ya kifua, ambako wengi hukaa kidogo wakaomba uhamisho, yeye akabaki. Aliwafundisha wagonjwa kuketi na kuegemea mto juu ya meza, wavute hewa kwa pua, waitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Kila zamu alianza kwa kufungua madirisha, hata mvua ikinyesha, wagonjwa wakaambizana Bi Madirisha kaingia, shikeni mablanketi. Dereva mmoja wa lori alimwambia kuwa kama baridi ingekuwa dawa yeye angeshapona zamani, naye akamjibu kuwa baridi haijamuua mgonjwa hata mmoja, ila waliouawa na hewa ya kufungiwa amewaosha kwa mikono yake.

Tarehe 18 Juni 2011 aliolewa na fundi umeme, na Mei 2013 wakajaliwa binti, huyo mmoja tu.

Februari mwaka huu wa 2024 alianza kukohoa, akasema ni rangi mpya ya wodini, tukakubali, maana nani angembishia muuguzi. Lakini mtu aliyekuwa akimtambua mgonjwa kwa kikohozi tu, angali mlangoni, chake alikisikia, akaogopa kupima. Mganga hajigangi. Alikunywa dawa ya maji ya dukani, na mumewe akiwa mbali kikazi, mtoto aliendelea kulala naye kitanda kimoja, mpaka Juni alipotema damu kwenye sinki, akapimwa, ikawa kifua kikuu sugu, mapafu yameshaliwa. Aliniambia kwamba kufa hakumtishi, kinachomtisha ni kile kitanda.

Alifariki tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, katika wodi yake mwenyewe, ameketi, ameegemea mto juu ya meza, dirisha likiwa wazi. Nilikuwa nasikiliza kama nilivyozoea, nikaisikia pumzi inayotoka, nikaingoja inayoingia.

Binti yake ndiye huyo mbele mwenye barakoa. Wiki hii ameanza kukohoa, amepimwa, majibu ni Jumatatu. Naogopa, siwafichi. Viti vya pembeni yake nimeviona vimebaki vitupu, nanyi siwalaumu, ila madirisha ya ukumbi huu nimeyafungua mwenyewe, asiyafunge mtu, na kila aliyekuwa akiingia chumbani kwa marehemu tangu Februari aende akapime.

Tunamshukuru daktari wa wodi, wauguzi wenzake waliomhudumia bila kumkwepa, wakimtania kuwa sasa baridi aionje mwenyewe, jirani yetu mshonaji aliyetuletea chakula na akaingia ndani, hakukiacha mlangoni, na mkwe wangu, aliyeacha kazi ya watu akarudi kumwogesha mkewe.

Mwanangu, zamu yako imekwisha, pumzika kwa amani. Jumatatu mtoto nitampeleka mimi, na usiku akilala, nitakuwa nasikiliza.